Jinsi ya Kuwa Mpiga Piano wa Klasiki Ukiwa Muhumba

Hatua ya kwanza ni kuacha kuuliza kama inawezekana. Kila utakayemwuliza mjini Bukavu atakutajia Brussels au Paris, na akimaliza kukutajia utakuwa umepoteza saa nzima ambayo ungeitumia kufanya mazoezi ya mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto una kazi nyingi kuliko watu wanavyodhani. Anza nao leo.

Hatua ya pili ni kujua unahitaji nini. Wengi hudhani mpiga piano anahitaji piano na kipaji, basi. Anahitaji watu watatu: mwalimu wa kumsahihisha, fundi wa kutyuni ala yake, na msikilizaji atakayekaa kitini mpaka mwisho. Mikono ya kupiga Bukavu inayo tele. Nenda ibada yoyote ya Jumapili, iwe Ibanda au Kadutu, uone kijana anavyoifuata kwaya ya sauti nne bila karatasi yoyote mbele yake, mchungaji akipandisha wimbo naye anapanda, akiushusha naye anashuka. Mikono tunayo. Tunaowakosa ni hao watatu, na mwongozo huu ni wa namna ya kuwapata, au kuwatengeneza wasipopatikana.

Kabla hujafika mbali utaambiwa kwamba piano ni ya Wazungu. Usikasirike, ila usikubali. Mpeleke anayesema hivyo mbele ya piano ya zamani, iliyoundwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, umwombe ainame atazame vibao vyeupe kwa karibu. Kwenye nyingi za enzi hizo ataona mstari mwembamba unaokikata kila kibao mahali vibao vyeusi vinapoanzia. Hapo ndipo vipande viwili vimeunganishwa. Akigeuza kichwa ili mwanga uje kwa upande, ataona ndani ya ule weupe michirizi laini kama ile ya ncha ya kidole chake mwenyewe. Plastiki haina michirizi hiyo. Hilo ni jino la ndovu.

Na ndovu huyo alitoka wapi? Katika karne ya 19 watengenezaji wa piano waliisaka pembe laini iliyopitia Zanzibar, na pembe nyingi ya aina hiyo ilitoka Maniema, nchi ya Kasongo na Nyangwe, ambako Hamed bin Muhammed, yule watu waliyemwita Tippu Tip, alijenga himaya yake ya biashara. Maniema ni jirani yetu. Hadi 1988 ilikuwa mkoa mmoja na sisi. Pembe zilibebwa mabegani na wapagazi na watumwa, zikapita Ujiji na Tabora, zikateremka Bagamoyo, zikavushwa Unguja, zikapakiwa melini kwenda Marekani. Huko katika jimbo la Connecticut kuna vijiji viwili, Deep River na Ivoryton, ambavyo viliishi kwa biashara hiyo. Viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney vilizikata pembe kuwa vipande vyembamba, vikavianika juani ndani ya vibanda vya vioo mpaka rangi ya manjano ikaisha, kisha vikavigandisha juu ya vibao vya mbao. Jino moja kubwa lilitosha piano nyingi. Mwaka 1989 nchi wanachama wa mkataba wa CITES ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na piano mpya za leo zina vibao vya plastiki.

Lakini piano zile za sebuleni New York na London, alizojifunzia binti wa watu Chopin kwa utulivu, zilikuwa na Maniema chini ya vidole vyake. Na lugha iliyotumika njiani kugawa mizigo, kubishania bei na kuzika waliokufa ni hii hii unayoisoma. Kiswahili cha mashariki mwa Kongo kilitembea na misafara hiyo. Kwa hiyo ukikaa mbele ya piano hujaenda ugenini. Unadai kitu ambacho wazee walikwisha kukilipia kwa migongo yao, na walilipa zaidi ya bei yake.

Sasa itafute. Piano ya mbao na nyuzi ni adimu Bukavu na sababu inajulikana. Muhumba ni moja ya rasi tano ambazo mji huu unazinyoosha ndani ya Ziwa Kivu. Nyumba zake kubwa ni za enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Costermansville, na leo nyingi ni ofisi za mashirika zenye kuta ndefu na walinzi getini. Kitu chenye uzito wa kilo mia mbili au tatu hakipakiwi watu wanapokimbia. Na Bukavu imekimbiwa: mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti hadi Novemba, 1996 vita vikaja, na Askofu Mkuu Munzihirwa akauawa humu humu, 2004 waasi wakauteka kwa siku chache, Februari 2025 mji ukaingia mikononi mwa waasi wa M23. Kila safari watu walibeba watoto, magodoro na masufuria. Piano hubaki, na ikibaki peke yake huwa kuni au hulala chini ya dari inayovuja.

Basi usiisubiri. Nenda kanisani ukaombe kutumia kinanda siku ambazo hakuna mazoezi ya kwaya. Utakuta kina vibao 61, na mtu atakayekuambia kwamba klasiki haipigwi bila vibao 88 hajui historia ya ala yake. Piano ya Mozart, ile aliyoundiwa na Anton Walter mjini Vienna, ilikuwa na vibao 61. Tofauti ni kwamba yake ilianzia Fa na cha kanisani kinaanzia Do, kwa hiyo hapa na pale utalazimika kusogeza noti oktava moja. Vinanda vingi vya enzi za Bach vilikuwa vifupi zaidi. Kitabu chake cha kwanza cha preludi na fuga 24, cha mwaka 1722, kinaingia karibu chote ndani ya oktava nne. Una Bach, una Mozart, una sonata za kwanza za Beethoven. Hiyo ni kazi ya miaka mitano au sita kwa mtu anayejituma, na yote imo ndani ya kinanda cha parokia.

Masharti yake ni machache. Zima ngoma za ndani ya kinanda; kitufe kile kinachopiga seben peke yake kimeharibu mkono wa kushoto wa kizazi kizima. Chagua sauti ya piano na uiache hapo. Ukitaka kukiendesha kwa betri ya sola, soma kwanza maandishi yaliyo nyuma: vingi vya ukubwa huo vinataka volti 9 au 12, na alama ndogo ya duara inaonyesha kama katikati ya plagi ni chanya au hasi. Vya Yamaha kwa kawaida ni chanya katikati, vya Casio vya zamani ni hasi. Ukikosea utakiunguza, na mbele ya kamati ya kwaya hutakuwa na cha kujitetea. Baada ya mwaka mmoja hivi anza kutafuta kinanda chenye vibao vizito, kwa sababu vibao vyepesi havifundishi kidole tofauti ya kugusa na kubonyeza, na tofauti hiyo ndiyo piano yenyewe.

Mwalimu anapatikana wapi? Kwa vizazi vitatu jibu la Kongo limekuwa moja: kwa mapadri. Joseph Kiwele, mwana wa Katanga aliyelelewa na seminari, akawa mpiga kinanda na mtunzi wa misa kule Elisabethville, na mwaka 1960 akawa waziri wa elimu wa Katanga iliyojitenga na mtunzi wa wimbo wake wa taifa. Wimbo wa taifa wa Kongo tunaousimamia leo una mkono wa Simon-Pierre Boka, Mjesuiti. Ray Lema, aliyezaliwa 1946 kule Bas-Congo, aliingia seminari ndogo akitaka upadri. Wakubwa wake wakagundua masikio yake, wakamweka kwenye kinanda, akapitia nyimbo za Kigregoriani, Bach, Mozart na Chopin kabla ya kutoka na kuwa mwanamuziki huyu tunayemjua. Kwa hiyo bisha hodi kwa masista na mapadri, hasa wale wazee. Kaa na mzee huyo akuonyeshe namna ya kukaa, kiti kiwe juu kiasi gani, kiwiko kisizidi kushuka wala kupanda. Mambo hayo hayajifunzwi kwa kutazama video, kwa sababu kwenye video humwoni mtu akikugusa bega kukuambia kwamba umelikaza.

Mzee huyo akikuambia kwamba noti za Do-Re-Mi zilizoandikwa kwa herufi zinatosha, mshukuru, kisha ujifunze mistari mitano. Kwaya zetu zimeimba vizuri kwa herufi miaka yote, lakini kwenye piano unasoma mikono miwili kwa pamoja, na karatasi za Bach hazikuandikwa kwa herufi. Miezi mitatu ya uvumilivu inatosha kuvuka hapo. Kazi za mabwana hao wa zamani hazina tena haki za mtunzi na zinapakuliwa bure kwenye intaneti. Pakua nyingi siku ambayo mtandao ni mzuri, uzichapishe kwenye kasekretarieti ka karibu, na mwenye mashine umwambie asipunguze ukubwa ili kuokoa karatasi.

Kama mwalimu hapatikani kabisa, tazama Kinshasa. Orkestra ya Wakimbanguisti ilianzishwa 1994 na Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi yake ya kurusha ndege, mjukuu wa Simon Kimbangu. Walianza na violini chache, wakipokezana. Uzi ukikatika walifunga waya wa breki za baiskeli. Noti walizinakili kwa mkono, na ala nyingine waliziunda wenyewe kwa kuifungua moja na kupima kila kipande. Aliyejua kitu leo alikifundisha kesho. Sitaki usikie hadithi hii kama sifa ya umaskini. Waya wa breki ni uzi mbaya na wao wenyewe waliuacha mara tu walipopata uzi mzuri. Nataka uone mpangilio wao: hakuna aliyekuwa mwanafunzi tu. Ukijua skeli ya Do, tayari una mtu wa kumfundisha skeli ya Do.

Mazoezi yapange kwa kufuata umeme, usiyapange kwa kufuata hamu. Ukiwepo, piga. Ukikatika, weka karatasi mezani na upige juu ya mbao bila sauti, kichwa kikisikia kila noti. Wapiga piano wakubwa hufanya hivyo hata wakiwa na umeme, kwa sababu kumbukumbu iliyojengwa kimya haitikisiki jukwaani. Jenereta za majirani zikinguruma, fanya mazoezi ya vidole, maana hapo huwezi kusikia tofauti ndogo za sauti. Zikinyamaza, rudi kwenye vipande vya polepole. Usizidishe. Robert Schumann alitaka kuwa mpiga piano, akakiumiza kidole cha mkono wa kulia akiwa kijana, na ndoto hiyo ikaishia hapo. Tukampata mtunzi, lakini yeye hakuchagua hivyo. Kidole kikiuma, funga kinanda. Kifundo cha mkono kikiuma, kaa wiki bila kupiga. Na kama unaishi kwa kufua, kuteka maji na kubeba makaa kwenye miteremko ya mji huu, mikono yako imekwisha kufanya kazi kabla hujaigusa Do ya kati. Ipashe moto kwa maji ya uvuguvugu kwanza.

Jioni acha dirisha wazi. Wavuvi wa samaki wa sambaza hutoka na mitumbwi yao iliyofungwa mitatu mitatu, wakipiga makasia na kuimba kwa kuitikiana, mmoja akianza na wengine wakimpokea kabla hajamaliza. Shika kalamu uandike: sauti ya pili imeingia wapi, juu au chini ya ya kwanza, na ya kwanza imefanya nini wakati huo. Kisha rudi kwenye fuga ya Bach ya sauti mbili, ile ya Mi ndogo katika kitabu cha 1722. Kazi uliyopewa ni ile ile: sauti moja inaanza peke yake, ya pili inaipokea, na wewe una wajibu wa kumfanya msikilizaji azisikie zote mbili. Aliyekulia karibu na ziwa hili ameisikia kazi hiyo tangu utotoni, na ni vizuri aingie kwenye fuga akijua hilo.

Sasa suala la riziki, ambalo wazazi wako wamelisubiri tangu mwanzo. Waambie ukweli. Chopin, ambaye jina lake liko kwenye kila orodha ya wapiga piano, alitoa matamasha ya hadhara kama 30 tu maisha yake yote. Alikula kwa kufundisha. Wewe pia utakula kwa kufundisha, na Muhumba, kwa bahati, ina watu wanaolipwa kwa dola ambao wanataka mtoto wao ajue piano. Watoze ada kamili, mwezi ukianza, kabla ya somo la kwanza. Mtoto wa mlinzi anayesimama getini akisikiliza, muingize ndani kwa bei nyingine ambayo wewe na baba yake mtaijua. Wawili hao wakae pamoja kwenye somo moja, kwa sababu mmoja ana kinanda nyumbani na mwingine ana njaa ya kujua, na kila mmoja atamwambukiza mwenzake alichonacho.

Kuna siku utataka kuondoka. Kampala kuna Kampala Music School, iliyofunguliwa 2001. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, ya tangu 1944. Kinshasa kuna Institut National des Arts. Nenda kafanye mtihani, kaa muhula mmoja, mkasikilizane na wapiga piano wengine, maana anayepiga peke yake muda mrefu huanza kuyapenda makosa yake. Ulaya nako jaribu ukipata njia. Lakini usiache barua ya kukataliwa iamue wewe ni nani. Nina Simone, akiitwa bado Eunice Waymon, alitaka kuwa mpiga piano wa klasiki. Mwaka 1951 Curtis Institute ya Philadelphia ilimkataa. Mwaka 2003 chuo hicho hicho kikampa shahada ya heshima, siku chache tu kabla ya kifo chake. Katikati ya tarehe hizo mbili alifanya kazi ambayo chuo kizima hakikuifanya, na Bach anasikika ndani yake ukisikiliza mkono wa kushoto.

Wawili wengine wa kuwajua ni wa upande wetu wa Afrika. Girma Yifrashewa wa Addis Ababa alikulia kwenye krar, kinubi cha kwao, akaifikia piano akiwa na miaka 16, umri ambao walimu wengi wangemwambia amechelewa. Akasoma Sofia, Bulgaria, masomo yakavurugika utawala wa kikomunisti ulipoanguka, akaendelea hata hivyo, kisha akarudi nyumbani kufundisha na kutunga vipande vya piano kutoka nyimbo za Ethiopia. Mwingine ni Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou, aliyezaliwa 1923. Alipelekwa Uswisi akiwa mtoto, akajifunza violini na piano. Waitalia walipoivamia Ethiopia familia yake ikafungwa Italia. Baadaye akasoma Cairo. Kisha, nafasi ya kwenda kusoma London ilipomponyoka, akaenda kuwa mtawa milimani, akitembea pekupeku kwa miaka. Piano ilimrudia baadaye. Rekodi yake ya kwanza ilitoka 1967, na mapato yakaenda kwa wenye shida. Alifia Jerusalem mwaka 2023. Mwanamke huyo hakuwa na wakala, hakufanya ziara, na leo watu wa mabara yote wanampiga. Simtaji ili ukaingie utawani. Namtaja kwa sababu baadhi ya vipande vyake vinapigika kwa kinanda cha vibao 61, na mkono wako utavipenda.

Tamasha lako la kwanza lifanye Jumamosi saa tisa alasiri, ili kila mtu awe amefika kwake kabla ya giza. Ukumbi wa parokia au wa shule unatosha. Dakika 40, zisizidi. Preludi moja ya Bach, sehemu ya polepole ya sonata ya Mozart, kipande kimoja cha Emahoy, nokturni moja ya Chopin kama una vibao vya kutosha, na mwishoni wimbo wa kubembelezea mtoto wa Kishi ulioupangia mikono miwili wewe mwenyewe. Kabla ya kila kipande simama useme kwa Kiswahili, kwa sentensi mbili, nani alikitunga na watu wasikilizie nini. Usiwaombe radhi kwamba ni muziki mgeni. Na mama mmoja akipiga vigelegele katikati ya Mozart, mwache. Julai 1778 Mozart alimwandikia baba yake kutoka Paris akifurahi kwamba watu walipiga makofi katikati ya simfoni yake, mahali alipokuwa ametega makusudi. Kimya cha kanisani kwenye matamasha kilikuja baadaye. Wewe mtegee mama huyo mahali pazuri zaidi mwakani.

Siku moja utapata piano ya mbao. Itatoka kwa masista wanaofunga nyumba, au itakuja kwa barabara kutoka Dar es Salaam kupitia Kigali na Rusizi, zaidi ya kilomita elfu moja za mitikisiko. Watu wa kuibeba wawe sita, na usichague wale wanaotaka kuonyesha nguvu. Chagua waliozoea kubeba majeneza, wanajua kwenda hatua moja. Iweke kwenye ukuta wa ndani wa nyumba, mbali na dirisha la upande wa ziwa. Unyevu ukipanda, mbao hunyonya na sauti hupanda. Kiangazi cha Juni hadi Agosti kikija, mbao hukauka na sauti hushuka. Ndani yake weka naftalini, kwa sababu nondo hula sufu ya nyundo. Miguu yake isiguse sakafu moja kwa moja. Mchwa hawana heshima. Panya watajaribu kuzalia humo, kwa hiyo ifungue kila mwezi na uangalie kwa tochi. Ityuniwe mara mbili kwa mwaka, wiki chache baada ya mvua kuanza, na tena kiangazi kikiwa kimetulia.

Nani ataityuni? Ndani ya piano kuna nyuzi karibu 230, zikivuta kwa pamoja uzito wa tani 18 hivi, na kila uzi umezungushwa kwenye msumari wake. Vibao vya juu vina nyuzi tatu kwa noti moja. Fundi huanza na La ya katikati, akiigonga diapazoni ya 440 gotini na kuisikiliza. Huziba nyuzi mbili za pembeni kwa kabari za mpira, akabaki na wa katikati. Huugeuza msumari wake kwa ufunguo, kidogo mno, kiasi cha jicho kutoona, mpaka uzi na diapazoni viseme kitu kimoja. Kisha anatoa kabari moja. Nyuzi mbili zikipishana utasikia sauti ikipanda na kushuka, ikitetema haraka, halafu polepole zaidi kadiri anavyokaribia, mpaka tetemo linakwisha na noti inasimama. Anarudia hivyo mara mia mbili na zaidi. Anayeweza kulisikia tetemo hilo anaweza kujifunza kazi hii, hata kama hajui kupiga kipande kimoja.

Kati ya wanafunzi wako yupo mmoja wa namna hiyo. Vidole vyake ni vizito, ukimpa Bach anahangaika, lakini kinanda cha kanisa kikiwa kimesogezwa sauti kidogo yeye ndiye wa kwanza kukunja uso. Usimwache aondoke kwa sababu hapigi vizuri. Mwagizie ufunguo wa kutyuni, kabari nne za mpira, utepe wa sufu na diapazoni ya La. Vyote vinaingia kwenye begi la shule. Mwambie asiinamishe uso juu ya uzi anaoukaza, avae miwani ya kinga, aanze na oktava ya katikati pekee kwa miezi kadhaa, na kila anachofanya akiandike kwenye daftari pamoja na tarehe na hali ya hewa. Akiimudu piano yako, mtume kwenye ya masista, kisha kwenye zote atakazosikia habari zake kati ya Uvira na Goma, na hakikisha analipwa kwa kila moja.